Siku Niliyomkatiza Riziki

Wiki jana Halima, binti aliyechukua meza yangu pale kliniki, alinipigia simu. Aliniamkia, akaniuliza hali yangu na ya wajukuu, kisha akasema, "Bi Rukia, nina ombi. Nitumie ile orodha ya shughuli zako za vikundi. Zile za kuwafanya watu wazione nguvu walizo nazo. Nina kikundi kipya Jumatatu."

Nikamwambia, "Mwanangu, sina orodha."

"Hata daftari huna?"

"Daftari ninalo. Limejaa majina ya watu, na nani hali pilipili."

Akacheka, akadhani namfanyia mzaha. Sikuwa na mzaha. Ukiwaita watu kumi na wanne waje wakueleze mambo yaliyowavunja moyo, halafu ukawapa mbaazi zisizolika kwa pilipili, utajua kwa nini niliandika. Lakini nilimwahidi nitamwandikia kitu, na kwa kuwa nyinyi mnaoanza kazi hii ni wengi, nawaandikia nyote. Mtanisamehe nikiruka huku na huku. Kichwa cha mstaafu hakifuati kalenda.

Nimefanya kazi ya ushauri nasaha upande huu wa Likoni miaka ishirini na sita. Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa kupima watoto uzani, na hata hiyo ilikuwa kazi ya kusikiliza, maana mama akishamweka mtoto kwenye mizani huanza kukueleza mambo ambayo hukumuuliza. Nilipohamishiwa vikundi nilipelekwa semina ya siku tano, hotelini, ng'ambo ya pili. Nikarudi na cheti, mabunda ya karatasi kubwa, kalamu za rangi, na kikengele kidogo cha shaba cha kuweka mezani. Kikengele hicho tutakuja kukizungumzia.

Kikundi changu cha kwanza kilikuwa Bofu, katika ukumbi wa madrasa ambao mwalimu alituruhusu kuutumia kila Jumatano, tangu adhuhuri mpaka watoto waje kusoma alasiri. Wanawake kumi na wanne, na kila mmoja wao alikuwa amefiwa na mtoto. Nilisimama mbele yao nikasema, kama nilivyofundishwa, kwamba tumekutana ili tuchunguze ustahimilivu wetu.

Wakanitazama. Mwisho mwanamke mmoja mkubwa wa umbo, jina lake Mwanatumu, mpishi wa harusi, akauliza kwa adabu, "Huo ustahimilivu, Bi Rukia, unanywewa kabla ya chakula au baada?"

Wote wakacheka, nami nikacheka kwa kulazimika. Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo neno lilivyozidi kuwa kubwa. Baadaye nilijifunza kuliacha neno lile kliniki, huko huko kwenye ripoti, na kwenda kikundini na swali moja tu: uliwezaje? Ulipofika pale, uliwezaje? Hilo kila mtu analielewa, na hakuna aliyewahi kuniuliza linanywewa lini.

Siku ya pili niliwagawia karatasi, nikawaambia kila mmoja achore maisha yake kama mto. Pale penye maji matulivu, pale penye mawe, pale ulipokauka.

"Mto upi?" akauliza Mwanatumu.

"Mto wowote."

"Sisi hapa Bofu hatuna mto. Tuna kisima na tuna mikokoteni ya maji."

Basi wengine wakachora kisima. Mmoja alichora sufuria, nzuri sana, yenye mfuniko na mvuke. Mwanamke mmoja mwembamba kutoka Timbwani, mshonaji wa nguo za shule, hakuchora kitu. Aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia mkobani. Nilipomuuliza akasema, "Nitamjaladia mtoto wa jirani daftari. Ni karatasi ngumu hii." Huyo ndiye Riziki. Nawaomba mmkumbuke.

Wiki iliyofuata nikaleta shughuli ya kuanguka. Pengine bado mnafundishwa. Mtu anasimama, anafumba macho, anajiachia aanguke kinyumenyume, na wenziwe walio nyuma wanamdaka. Eti ndivyo watu wanavyojifunza kuaminiana. Kule hotelini tulikuwa juu ya zulia, na mimi nilidakwa na vijana wawili wenye nguvu. Ukumbi wa madrasa ulikuwa na sakafu ya saruji na mkeka mmoja.

Kwa ujinga wangu nikamchagua Mwanatumu aanze.

"Hawa hawaniwezi," akasema.

"Waamini wenzako."

Akafumba macho, akasema bismillahi, akajiachia. Kati ya watatu waliokuwa wamdake, mmoja alishikwa na kicheko, mmoja alirudi nyuma kwa hofu, na wa tatu alibaki na kipande cha buibui mkononi. Mwanatumu alikaa chini kwa kishindo, mkono wa kulia ukiwa umetangulia. Kifundo kilianza kuvimba pale pale. Tukampeleka kliniki, nami nyuma yake nimeshika viatu vyake, naona aibu hata ya kupumua.

Pale kliniki tulikuwa na mkunga mkuu, Bi Khadija, mama wa watu wa Mvita wa asili, aliyekuwa karibu kustaafu. Alikuwa akizungumza polepole, na akikuuliza swali husubiri jibu hata chai yake ikapoa. Hakuwa bosi wangu, lakini tangu nianze vikundi alijifanya bosi wangu, nami nashukuru. Kila Jumatano nikirudi aliniuliza neno moja: "Nani hakuzungumza leo?" Hakuuliza nani alizungumza.

Alimfunga Mwanatumu mkono bila kunilaumu. Wiki tatu baadaye akaniuliza, "Mwanatumu anapikiwa na nani?"

Sikujua. Nikaenda nyumbani kwake Bofu nikaone. Nilikuta zamu. Wale wanawake wa kikundi walikuwa wamegawana siku: huyu anakuja kumpikia, huyu anamfulia, huyu anamsuka nywele kwa kuwa mkono mmoja hausuki. Yule aliyeshikwa na kicheko ndiye aliyekuwa na siku nyingi zaidi. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Nilipomsimulia Bi Khadija, akasema, "Uliwataka wamdake siku ile, hawakumdaka. Wamemdaka wiki tatu zote hizi. Uliandika lipi kwenye ripoti yako?"

Nilikuwa nimeandika kwamba shughuli ilishindikana. Nikaifuta nikaandika upya. Wanangu, hiyo ndiyo elimu ya kwanza ninayowapa bila cheti: shughuli ikiharibika, msiikimbie. Rudini wiki ya pili mkaangalie watu walifanya nini na uharibifu wenu.

Sasa nije kwa Riziki.

Alikuwa na mtoto mmoja, Saumu, msichana wa miaka sita. Malaria ilimpanda kichwani, akafa hospitalini ng'ambo, miezi minane kabla ya kikundi kuanza. Mume wa Riziki alikuwa dereva wa malori ya masafa, nyumbani anapita kama mgeni. Kikundini Riziki alikuwa anakaa karibu na mlango, na jibu langu kwa Bi Khadija kila Jumatano lilikuwa jina lake. Nani hakuzungumza? Riziki.

Basi nikapanga shughuli ambayo ingemfanya kila mtu azungumze. Kila mmoja asimulie siku ngumu kuliko zote maishani mwake, dakika tatu, kisha kengele. Dakika tatu kwa sababu watu walikuwa kumi na wanne, na watoto wa madrasa walikuwa wanakuja. Nilijiona mtu wa mpango mzuri. Niliweka kikengele juu ya kibao cha kusomea, saa yangu ya mkononi kando yake.

Wanne wa kwanza walizungumza, kengele ikalia, wakakaa. Wengine walimaliza hata kabla ya muda. Ikafika zamu ya Riziki. Alisimama, ingawa hakuna aliyesimama kabla yake. Akaanza na asubuhi. Akaeleza rangi ya gauni alilomvisha Saumu. Akaeleza alivyomfunga mgongoni kwa leso, akatembea naye mpaka kivukoni, feri ilivyochelewa, watu walivyompisha akapita mbele. Alikuwa anazungumza taratibu, kama mtu anayeshona, hatua kwa hatua.

"Tukaingia," akasema. "Tukasimama pembeni. Kando yetu palikuwa na mtu ana mbuzi wake wawili..."

Nikapiga kengele.

Riziki alibaki mdomo wazi. Alinitazama, akaitazama kengele. Kisha akasema, "Samahani," akakaa. Mwenziwe alipokuwa anasimulia, nilimwona akichukua viatu vyake pale mlangoni. Nilidhani anakwenda msalani. Hakurudi. Na katika daftari langu niliandika: Riziki ameguswa sana. Wallahi niliandika hivyo, nikaona nimefanya kazi.

Jumatano iliyofuata hakuja. Nikapiga simu, imezimwa. Alhamisi nikapiga, imezimwa. Ijumaa asubuhi nikaenda Timbwani nyumbani kwake. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani yake, mama mwenye mtoto mchanga, akaniambia Riziki ameondoka siku nane.

"Ameaga?"

"Aliniletea kuku wake wote, akasema niwatunze. Na cherehani amenipa."

"Amekupa au amekuazima?"

Yule mama akafikiri. "Alisema, kaa nayo."

Mnaofanya kazi hii mnajua nilichofikiri. Mtu anayeanza kugawa vitu vyake, tena cherehani, chombo chake cha kazi, ni mtu wa kukimbiliwa. Nikarudi kliniki nikamkuta Bi Khadija anapanga kadi za akina mama wajawazito. Nikamweleza yote, na kengele nikamweleza.

Hakunikemea. Aliuliza, "Ulipomkatiza alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anaeleza habari za mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Sijui, Bi Khadija."

"Basi nenda ukamtafute, na ukimpata ukajue."

Fundi mwenye duka ambalo Riziki alikuwa akichukua kazi za ushonaji ndiye aliyejua kwamba ana dada Chaani, anauza bajia. Hakujua nyumba wala jina, alijua bajia tu. Nikavuka, nikapanda gari mpaka Changamwe, nikashuka Chaani nikaanza kuuliza wauza bajia. Msinicheke. Chaani ina wauza bajia kama Likoni ilivyo na wapita njia. Kila mmoja nilimwamkia, nikamuuliza kama ana ndugu Timbwani. Wa kwanza hana. Wa pili ni mtu wa bara, akanielekeza kwa wa tatu. Wa tatu alikuwa hayupo, binamu yake akaniuzia bajia kwanza ndipo akajibu. Nilizila bila kuzionja. Kichwani nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia mumewe, na maneno nitakayoyaandika, na nilikuwa nimeshaamua kwamba baada ya hayo narudi kwenye mizani ya watoto na siondoki tena.

Wa tano alikuwa mwanamke mwembamba aliyekuwa anachanganya unga wa dengu kwa mkono. Nilipomtazama usoni sikuhitaji kuuliza. Ni sura ile ile.

"Riziki ni nduguyo?"

Akaninyanyulia macho. "Nani anamtaka?"

"Mimi Rukia wa kliniki. Yuko?"

"Yuko ndani. Amelala."

"Amelala vipi?"

"Amelala kama watu wanavyolala, mama. Tangu aje analala tu."

Nilisukuma mlango bila hodi, jambo ambalo sijapata kulifanya nyumba ya mtu. Riziki alikuwa kitandani, amejifunika leso mpaka kifuani. Mwanga ulipoingia akafumbua macho, akakaa, akajisitiri kichwa.

"Shikamoo, Bi Rukia."

Nilikaa chini pale pale kizingitini, buibui langu kwenye vumbi, nikalia. Mimi mshauri nasaha. Dada mtu akaniletea maji, akasimama juu yangu na mikono yake ya unga, hajui anihurumie au anifukuze.

"Marahaba, mwanangu," nikasema mwishoni. "Nilidhani umejidhuru."

"Wazo lilinijia," Riziki akasema. "Sitakudanganya. Siku ile niliporudi, nyumba ilikuwa kubwa mno. Nikajijua siwezi kukaa mle peke yangu. Ndiyo nikaja kwa dada."

"Na kuku umewagawa. Na cherehani."

"Kuku ningewaacha wafe njaa? Na cherehani ningeiacha nyumba tupu iibiwe? Nitaichukua nikirudi." Akanitazama kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Bi Rukia, umekula?"

Hapo ndipo moyo uliposhuka mahali pake. Mtu anayepanga kurudi kuchukua cherehani yake ni mtu anayeishi. Hata hivyo nilimuuliza yale ya kuulizwa, waziwazi, mbele ya dada yake, kama bado wazo linamjia, na likija atamwambia nani. Msiogope kuuliza hivyo. Swali halimpi mtu wazo ambalo hana, na aliye nalo hupata nafuu kuona kuna anayeweza kulitaja. Alinijibu kwamba limekwenda tangu usiku wa pili, na likirudi atamwamsha dada. Dada akasema, "Na uniamshe kweli."

Kisha nikamwomba radhi. Nikasema, "Nilikufanya useme mambo mazito mbele za watu kabla hujawa tayari. Nilikosea."

Akatikisa kichwa. "Sikuondoka kwa hilo. Nilikuwa tayari. Wiki sita nilikuwa najitayarisha."

"Uliondoka kwa nini?"

"Ulipiga kengele."

Nikaiweka chini bilauri ya maji.

"Mimi sikuwa nataka kusimulia mtoto alivyokufa," akasema. "Hiyo kila mtu anaijua, wamekuja matangani wameisikia. Nilitaka kusimulia feri. Ulinikata kabla sijafika."

Nikavua saa yangu nikaitia mkobani. "Nifikishe sasa," nikamwambia.

Akasimulia. Saumu alikuwa na siku tatu hajacheka, hajala, macho mazito. Pale kwenye feri, kando yao, alisimama bibi mmoja mtu mzima amejifunga leso mpya kabisa, na mbele yake yule mtu na mbuzi wake wawili. Mbuzi mmoja akaanza kula pindo la leso ya yule bibi. Anatafuna polepole, anatazama upande mwingine kama vile si yeye. Bibi hana habari, anazungumza na mwenziwe. Saumu, pale mgongoni, akamwekea mama yake mdomo sikioni akasema, "Mama, mbuzi anamla yule nyanya." Kisha akacheka. Akacheka mpaka Riziki akahisi kicheko kinamtikisa mgongo. Watu waliokuwa karibu wakageuka, wakaona, nao wakacheka, hata bibi mwenyewe alipogundua akacheka, akamnyang'anya mbuzi leso yake.

"Watu wote upande ule wa feri walicheka kwa ajili ya mwanangu," Riziki akasema. "Jioni yake akafa. Lakini alicheka. Nilikuwa nataka watu wajue kwamba alicheka. Nyote mlibaki mnajua kifo tu."

Dada yake alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa mkono usio na unga. Hakuwa amewahi kuisikia habari ile. Karibu miezi kumi, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuisikia, kwa sababu kila aliyekuja alikuja kuuliza kuhusu kifo.

Riziki alirudi kikundini baada ya wiki mbili, amesindikizwa na dada na bakuli la bajia. Siku hiyo sikuandaa shughuli yoyote. Nilieleza mbele ya wote kosa langu, kwamba nilimkatiza mtu kabla hajafika alikokuwa anakwenda, na nikamwuliza Riziki kama angependa kumalizia. Akasimama tena. Alipofika kwenye mbuzi, Mwanatumu alicheka mpaka akaushika mkono wake mbovu, na wengine wakacheka, na Riziki mwenyewe alicheka, machozi yakimtoka kwa pamoja na kicheko. Kisha mwanamke mmoja ambaye mwanawe alizama baharini akasema kwa sauti ndogo, "Wangu alikuwa akiimba akioga." Mwingine akafuata. Tulichelewa kutoka. Watoto wa madrasa walitukuta, wakasimama mlangoni na juzuu zao, mwalimu wao akawaambia wangoje nje, nao wakangoja.

Kikengele nilimpa mwalimu wa madrasa. Alikihitaji kuliko mimi.

Tangu siku hiyo shughuli yangu kubwa imekuwa hiyo, na ndiyo ninayokupa Halima, kama unataka kuiita shughuli. Watu wakae chini, mduara, pasiwe na meza katikati. Idadi isizidi wanane. Wakiwa kumi na wanne, gawanya, usigawanye dakika. Muulize kila mmoja: katika siku ile, au siku iliyofuata, kuna kitu gani ungependa sisi tukijue? Anayetaka kunyamaza anyamaze, na wiki ijayo umuulize tena. Halafu uliza: uliwezaje? Jibu litakuwa dogo. Nilipika uji. Nilimfungia mbuzi. Jirani alinikalia mlangoni siku saba. Usilikuze jibu hilo, usilifanye hotuba. Liandike kama lilivyosemwa, na siku nyingine mtu akisema hana nguvu, mkumbushe uji.

Mbinu zimebadilika, najua. Wakati wa korona, tulipokatazwa kukusanyika, nilidhani kikundi kimekufa. Riziki ndiye aliyefungua kikundi cha simu. Mimi nilikuwa siwezi hata kutuma sauti. Mara ya kwanza nilijirekodi nikimgombeza mjukuu asiguse sukari, ikaenda kwa watu wote. Lakini niligundua jambo. Watu waliokuwa wanyonge wa kuzungumza ukumbini walizungumza kwenye simu, kwa sababu hakuna anayewatazama, na mtu anaweza kujirekodi mara tatu mpaka apate anavyotaka. Kwa hivyo msidharau simu zenu. Ila msije mkawaletea watu zile picha za kumulikwa ukutani kwa mashine, zenye maandishi mia. Taa ikizimwa ili picha ionekane, mama mwenye uchovu analala.

Bi Khadija ametangulia mbele ya haki. Siku ya mazishi yake nilihesabu kimoyomoyo waliozungumza na wasiozungumza, nikaona haya, kisha nikaona angependa.

Na sasa niwaambie la mwaka huu, ambalo sikumwambia Halima kwenye simu.

Mwezi wa tatu tangu nistaafu, nilipokuwa naoga, niligusa uvimbe chini ya ziwa la kushoto. Nilikwenda kupimwa, wakachukua kipande cha nyama, wakaniambia ningoje majibu. Wiki tatu. Miaka ishirini na sita nimewaambia watu jinsi ya kungoja, na sikuweza kungoja hata siku moja. Sikumwambia mtu. Nilipika, nilimwaga. Nilikuwa nakaa kitako na tasbihi mkononi nisijue nimefika wapi. Wanangu wakipiga simu nasema niko salama, na sauti yangu ilikuwa nzuri kweli, maana nimeizoeza.

Mwanatumu ndiye aliyenigundua. Alikuja kuniletea kaimati, akafunua sufuria yangu jikoni bila ruhusa, akakuta wali haujaguswa. Hakuuliza ninaumwa nini. Alimpigia simu Riziki. Wakakaa nami wawili, mmoja huku mmoja huku, wakanyamaza. Kunyamaza wamejifunza kwangu, na nawaambia si jambo dogo kunyamaziwa na watu wanaojua kazi yako. Nilisema. Nikasema yote, hata ile hofu ya kipuuzi kwamba nitakufa kabla sijamaliza kupaka chokaa ukuta wa uani.

Siku ya majibu walinisindikiza hospitalini. Daktari alikuwa kijana, rika lenu, akanisomea karatasi mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza sikusikia. Si saratani. Ni uvimbe wa kawaida, hauna madhara, utaangaliwa baada ya miezi sita. Nikamwomba aseme mara ya tatu. Akasema, wala hakuchoka. Mungu amlipe.

Tulipotoka nje Mwanatumu alikaa kwenye benchi akavua viatu, akasema miguu yake ilikuwa inangoja habari hiyo ndipo iume. Riziki alizungumza na wanangu kwenye simu, mmoja baada ya mwingine, maana mimi kila nikiishika nilikuwa nasema alhamdulillahi tu na kukata. Mwanangu mkubwa alikasirika kwamba nilimficha, kisha akalia, kisha akaniuliza ukuta wa uani unahitaji chokaa kiasi gani.

Nikarudi nyumbani, nikaswali adhuhuri, nikajinyoosha kitandani kidogo tu. Nilipofumbua macho alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa na jua limehamia upande wa pili wa chumba. Nikasikia njaa. Njaa yenyewe hasa, ya mtu mzima. Nikaenda jikoni nikakuna nazi, nikateleka wali, nikakaanga samaki aliyeletwa na jirani, nikakaa chini mkekani nikala sahani mbili, nikaikomba na sufuria.